Unga Kwenye Mlango wa Isimba

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haiendi mbali tena. Nilipokuwa naibu wa chifu niliweza kusimama pale kwenye kituo cha majani chai nikatangaza chanjo ya ng'ombe, na watu wa ng'ambo ya mto wakaanza kuficha ng'ombe wao. Leo neno likinitoka linaangukia hapa hapa kifuani. Shikanga, wewe ndiwe mkubwa, kalia kiti. Sammy, laza hiyo simu kifudifudi, haitakufa kwa saa moja. Nafula, mke wa mwanangu, kaa nawe, acha kujifanya unatafuta sufuria, umekuwa mtoto wangu tangu siku uliyonicheka mbele ya wazee. Na yule aliye jikoni huko nje, dada yenu Navalayo, najua ananisikia, kwa sababu nimechagua saa hii ya kupika makusudi, na kwa sababu jiko liko hatua kumi kutoka hapa, na kibanda hiki hakina mlango. Asubuhi nilimwamuru Shikanga aung'oe, akaung'oa huku akinung'unika kwamba mzee ameanza kupayuka. Sijaanza. Nitakapoanza nitawaarifu kwa maandishi.

Nawajua. Hamtasikia neno lolote la roho mpaka mjue ng'ombe anaenda kwa nani, basi tuanze na ng'ombe. Ng'ombe ni wa Nafula, kwa sababu ndiye pekee anayejua jina lake. Chai yote ya upande wa juu ni yako Shikanga, na usiing'oe upande mikaratusi kwa kuwa jirani amepanda. Sehemu ya chini, kuanzia ule mti wa msiola hadi kijito, ni yako Sammy, na nyani wa msituni ni wako pia, wapokee wote kwa pamoja. Hati ya shamba hamtaipata leo wala kesho, kwani ingali kwa jina la babu yangu, ambaye kwa mujibu wa serikali yu hai, ana miaka mia moja na thelathini na mmoja, na analima. Nimemwandikia msajili barua kumi na nne kumjulisha kifo hicho. Ya mwisho walinijibu wakataka marehemu afike ofisini na kitambulisho chake.

Ila kipande hiki, wanangu, kuanzia jikoni pale kwa mama yenu hadi nyuma ya kibanda hiki, pamoja na mparachichi na kaburi la mama yenu, ni cha Navalayo. Shikanga, usinitazame hivyo, sheria inaruhusu, na hata isingeruhusu ningefanya vilevile. Ngoja nimalize ndipo ukasirike. Utakuwa na sababu kubwa zaidi ya kukasirika kuliko ardhi.

Mnakumbuka nilivyostaafu. Miaka thelathini na mmoja katika lokesheni ndogo moja, nikapewa saa ya ukutani na hotuba iliyokosea jina langu. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu aliyezoea kusimamiwa. Kila mwaka serikali ilikuwa ikinitilisha sahihi kandarasi ya utendakazi, na sasa hakuna aliyenidai chochote. Nikaamka siku moja nikajiona kama ofisi iliyohamwa, kalenda ya mwaka jana ukutani na kiti kinachozunguka chenyewe. Nikasema, basi nitajitengeneza mimi mwenyewe. Nilikuwa na hasira, mlijua; nilikuwa na kiburi, mlijua; nilikuwa nimewachapa nyinyi kwa makosa ya watu wa baraza. Nikanunua daftari, nikachora safu, nikaandika kandarasi na Mungu: hasira ipungue kwa asilimia ishirini kila robo ya mwaka, sala iongezeke kutoka saa moja hadi saa nne kwa siku, masengenyo yakome ifikapo mwezi wa sita. Mungu hakutia sahihi. Nilichukulia kwamba ukimya wake ni idhini, kama tulivyofanya wilayani.

Ndipo nikaingia humu. Kibanda hiki, isimba hii, nilijengewa nikiwa kijana wa miaka kumi na sita, kama anavyojengewa kila mvulana wetu ili asilale tena chini ya paa moja na mama yake, na anaihama akioa. Hamjapata kusikia mzee aliyeoa, mwenye nyumba ya mabati na mke ndani yake, akirudi kulala isimba. Hata mimi sijapata kusikia. Nilikuwa wa kwanza, na mjue kwamba nilijivunia hata hilo. Mama yenu alikuja akasimama hapo mlangoni, mikono kiunoni, mwili wake ule mkubwa ukiziba mwanga wote, akaniuliza, "Baba Shikanga, kwani unatafutanga Mungu ama unatafutanga msichana?" Nikamjibu kwa upole, kwani upole ulikuwa na safu yake, nikamwambia natafuta kuwa mtu mzuri. Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Ulikuwanga tu mzuri," akasema. "Shida ni hukuwanga nyumbani. Sasa umestaafu, na bado hauko."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari, wanangu, chini ya kichwa "Majaribu."

Sisi tumekulia katika ibada ya kukaa kimya. Tangu utotoni niliketi kwenye benchi kati ya wazee, hakuna ngoma, hakuna mhubiri, watu wote wanangoja kimya mpaka roho imsukume mmoja wao kusimama, na mara nyingi roho haikumsukuma yeyote, tukaenda zetu kula. Nilidhani ule ukimya ni kitu ambacho mtu anaweza kukichukua akaenda nacho kwake, kama mche. Nimechelewa sana kuelewa kwamba ulikuwa ukimya kwa sababu tulikuwa wengi ndani yake. Mzee wa kulia akikohoa, mtoto wa nyuma akilia, ulijua unamngoja Mungu pamoja na nani. Humu peke yangu nilichokisikia kilikuwa ni mimi. Usiku na mchana mimi. Nikajisikiliza kwa makini nikadhani nimeinuliwa. Na upweke, niwaambie ukweli, una utamu wake mwanzoni, mtu hakosei akiwa hana wa kumkosea. Hasira yangu ilishuka asilimia mia moja katika robo moja, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunikasirisha. Nikajipa alama zote.

Mwaka wa pili nikaweka nadhiri ya siku arobaini. Maji, uji mmoja jioni, unaowekwa nje kwenye kigoda, na mlango usifunguliwe kwa ajili ya mtu yeyote wala jambo lolote. Niliwasomea masharti hayo uani, yalikuwa na vifungu. Mama yenu aliuliza kifungu cha moto kikizuka ni kipi. Hamkucheka, ila Navalayo.

Nafula, nipe maji kidogo. Kidogo. Asante.

Siku ya thelathini na saba ilikuwa Jumamosi. Mnaijua Jumamosi yenyewe. Fahali wa ukoo wetu alikuwa akipigana na yule wa Khayega, na tangu alfajiri ngoma za isukuti zilipita hapo barabarani, vijana wote nyuma yazo na matawi mikononi, na kila pikipiki ya Shinyalu nyuma ya vijana. Shikanga, wewe ulikuwa mbele kabisa, nilikusikia unapuliza pembe. Sammy, ulikuwa chuoni Bukura. Nyumbani walibaki mama yenu na Navalayo, naye Navalayo alikuwa akichekecha unga kwa ajili ya kuwapikia mtakaporudi na ushindi au bila ushindi, maana njaa ni ileile.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hiki ndicho kitu nilichowaitia, na ng'ombe na chai vilikuwa ni vya kuwakalisha tu.

Alikuja akabisha. Akasema, "Hodi, baba. Mama ameanguka hapo kwa jiko. Mdomo umeenda upande. Toka tumbebe, mimi peke yangu siwezi."

Nilikuwa nimepiga magoti hapo ulipoweka mguu, Sammy. Nikamsikia kama mnavyonisikia. Nikaendelea kupiga magoti.

Akaenda, akarudi. "Baba, hodi. Pikipiki zote zimeenda kwa fahali. Nimempigia Shikanga, haskii. Baba, ni mama."

Nikajiambia, hili ndilo jaribu lenyewe, siku ya thelathini na saba, lingekuja siku gani nyingine? Nikajiambia, juzi walibisha hodi kwa ajili ya ndama aliyeingia kwenye mahindi. Nikajiambia, Navalayo ni mwoga, ana haraka, atapata mtu. Hebu oneni jinsi nilivyokuwa na maneno mengi, mtu aliyeingia humu kunyamaza. Mkono wangu ulikuwa umbali huu na komeo. Kama kutoka hapa hadi kwenye kikombe hicho.

Mara ya tatu hakusema kitu. Aliweka kiganja mlangoni. Nilikisikia kikitua, si kwa kugonga, kwa kuegemea tu, kama unavyomwekea mkono mtu aliyelala. Akakaa hivyo, nami nikakaa hivi, na kati yetu ubao wa inchi moja. Halafu akaondoka, nikasikia gurudumu la wilbaro. Mnalijua lile gurudumu, nililiahidi mafuta mwaka mzima. Lilipita hapa nje likilia polepole, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito na msukumaji alikuwa na miaka kumi na tisa, likapita kwenye mparachichi, likakwama kwenye mzizi, likakwamuka, likateremka njia ya majani chai, nami nikalisikiliza mpaka lisikike tena. Hapana, nimesema vibaya. Mpaka lisisikike tena.

Mama yenu akafia pale kituoni, Awinja wangu, kabla gari halijapita. Ndani ya wilbaro, miguu nje.

Niliposikia kilio cha kwanza nikafungua mlango, kifungu au si kifungu. Na sasa ndiyo sehemu ambayo hata Mungu nilimwambia kwa mafumbo. Nilipoufunga nyuma yangu nikaona, kwa upande wa nje, juu ya ubao mweusi wa moshi, kiganja cheupe. Vidole vitano na kiganja, unga mtupu, kimekaa pale wazi kama muhuri wa serikali. Watu walikuwa wanapanda njia wakilia. Nikavuta mkono wa shati langu, nikafuta. Sikufuta kwa bahati mbaya, wala kwa kuchanganyikiwa. Nilifuta kwa uangalifu, hata katikati ya vidole.

Nikaenda kuwalaki nikasema nilikuwa msituni nasali tangu kabla ya jua, na hakuna aliyeniuliza vipi na vifungu vyangu.

Siku ya kunyoa mnaikumbuka. Siku ya tatu baada ya kuzika, ukoo mzima umeketi uani, vichwa vimenyolewa, na kila mwenye neno juu ya kifo anapewa nafasi alitoe, ili lisibaki likioza ndani ya nyumba. Shikanga, ukasimama ukamuuliza dada yako mbele ya watu wote, "Ulikuwa wapi? Kwa nini hukumtafuta baba?" Ulimpigia kelele kwa sababu ulikuwa kwa fahali, nilijua hilo hata wakati ule, na nikalitumia. Akasema, "Nilibisha. Mara tatu." Wakanitazama. Nikasema sikusikia, sikuwapo. Akasema, "Nendeni muone mlango. Mkono wangu uko pale, ulikuwa na unga." Wazee wawili wakainuka, wakaenda, wakatazama, wakarudi. Wakasema hakuna kitu.

Navalayo hakunitazama kwa hasira. Ningependa angenitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua kisha anaona imeandikwa na nani.

Miaka tisa, wanangu. Miaka tisa mmemwita mwongo, mmemwambia alizembea, mmesema alikuwa na simu mkononi mama akifa, na wewe Sammy hukumwalika harusini. Akaenda Likuyani akakodi shamba la watu, akalima mahindi peke yake, na kila mwaka akatuletea gunia, akaliacha barabarani, na sisi tukala; hata hivi juzi amekuja mwenyewe kwa kusikia naumwa. Mimi nikabaki humu, na jina likakua. Watu walitoka mbali kuja kuombewa na mzee aliyempoteza mke katikati ya nadhiri wala asilalamike. Kamati ya kanisa ikanipa cheti cha uvumilivu wa kiroho, kina sahihi tatu na fremu. Sikulalamika, ni kweli. Ningelalamika kwa nani?

Nimejificha nyuma ya vitu vingi. Nyuma ya nadhiri, nyuma ya fahali, nyuma ya wenye pikipiki. Nyuma ya "labda" nimejificha zaidi: labda angekufa hata ningetoka, maana daktari alisema kiharusi kilikuwa kikubwa. Labda. Hiyo labda ni ya daktari, siwezi kuikalia mimi. Langu ni moja na ni fupi. Nilisikia. Shikanga, lirudie, ili nijue limetoka nje ya kichwa changu... Vema. Nilisikia, na nikafuta.

Usilie, Sammy. Au lia, lakini si kwa ajili yangu.

Nawaachia shauri moja tu, na msiliandike mahali. Mkitaka kuwa watu wema, na mtake, msikilizeni huyu mzee mkitaka, basi msiende kuutafuta wema mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuwabishia hodi. Salini. Fungeni. Kaeni kimya, ukimya ni mzuri, bado naupenda. Lakini komeo lisiwepo. Na mkikosa, semeni siku hiyohiyo, kabla unga haujafutika. Mimi nilipiga hesabu ya maovu yangu kwa miaka kumi na mmoja na hili moja sikulitafutia safu.

Sasa maagizo, nikiwa bado na pumzi. Daftari lile lichomwe, ila kurasa tupu, Nafula, ni nyingi, chukua za watoto. Cheti kirudishwe kwa kamati. Fremu mbaki nayo. Siku ya kunyoa kwangu, Shikanga, utasimama palepale uliposimama, wazee walewale waliobaki wakiwa wameketi, na utasema niliyoyasema leo, yote, pamoja na ile ya katikati ya vidole. Nimeyaandika nakala tatu, ziko chini ya mto huu. Hazina muhuri, muhuri niliurudisha serikalini nilipostaafu, na ni kitu pekee nilichowahi kurudisha kwa wakati. Kisha umwombe dada yako msamaha kabla ya kuniombea mimi pumziko. Asipokupa, usimlaumu. Mimi simwombi. Nilishamwomba mengi, kwa kunyamaza. Nimemwachia kipande hiki si malipo. Nimemwachia ili yeye ndiye awe mwenye kukaribisha hapa au kutokaribisha.

Na mlango ule usirudishwe. Upasueni uwe kuni... za kupikia siku ya matanga.

Nimechoka. Nivalisheni koti langu, lile jeusi, la sherehe. Hapa, juu ya blanketi, yatosha, usiniinue. Vizuri. Sasa nawabariki. Shikanga, nguvu zako ziwe na masikio. Sammy... watoto wako wakuogope kidogo kuliko mlivyoniogopa. Nafula, kicheko chako kisikauke. Mungu ambaye nilimkalisha nje ya mlango, na yeye, akae kwenu ndani.

Wa nne...

Mwanga umepungua. Ni mvua? Ninyi, msizibe mlango... ah. Kuna mtu amesimama. Mama yenu naye alikuwa akisimama hivyo, mikono kiunoni. Sammy, sogea, nione.

Navalayo.

Nilikupa jina la mama yangu, kwa hiyo nimekuita mama tangu siku uliyozaliwa, nami... Huna haja ya kusema hodi. Ulishasema. Mara tatu. Karibu, mama. Karibu. Karibu. Zote tatu, zimechelewa, lakini... ndizo hizo.

Usinawe. Umetoka kwenye unga, nauona mpaka kiwikoni. Usinawe, mama, njoo hivyohivyo. Weka mkono hapa. Kwenye koti. Bonyeza... nisikie.

Ndiyo.

Mnizike hivi. Shikanga. Koti hili... asilifute mtu.